Matembezi Yetu ya Majira ya Maua katika Mji wa Nagasaki

Sisi wawili, mmoja mtu wa Muheza na mmoja mtu wa Masasi, tulikwenda Japani kusoma tukarudi salama. Tangu tulipofika nyumbani tumeulizwa maswali mengi, na mara nyingi la kwanza ni hili, Mlikuwa mkila nini? Na la pili, Ni kweli treni zao hazichelewi? Hayo tumeyajibu barazani hata tumechoka: tulikula wali na samaki, na treni zao hazichelewi. Leo twataka kuwasimulia habari nyingine, nayo ni ya matembezi tuliyokwenda pamoja na wenzetu wa bweni katika majira ya maua ya mwaka 2024. Katika siku zetu zote za ugenini hakuna tuzikumbukazo kama hizo, wala si kwa ajili ya maua peke yake.

Nagasaki ni mji wa bandari, magharibi ya kisiwa cha Kyushu. Bahari imeingia ndani ya nchi kama kidole kirefu, na kila upande wa maji ni vilima, na nyumba zimevipanda vilima hivyo mpaka karibu na vilele. Njia nyingi za huko hazipitiki kwa gari, ni ngazi za mawe tu, na mzee wa miaka themanini huzipanda na mfuko wa mboga mkononi. Hupumzika kidogo, akapanda tena. Bondeni hupita tramu, yaani gari la umeme liendalo juu ya reli katikati ya barabara. Mji ule umekuwa nazo tangu mwaka 1915. Bweni letu lilikuwa mwisho wa ngazi 214. Tulizihesabu siku ya kwanza, tulipokuwa tukipandisha masanduku yetu, na baadaye hatukuona sababu ya kuzihesabu tena.

Katika orofa ya tatu tulikaa watu sita: sisi wawili, mmoja akisoma mambo ya uvuvi na mwingine maradhi ya nchi za joto, na pamoja nasi Mkorea, Mvietnamu, Mwindonesia na Mnepali. Vyumba vilikuwa vyembamba, kitanda na meza na mahali pa kusimama. Lakini jiko lilikuwa moja, na hapo jikoni ndipo tulipokuwa jamaa. Lugha yetu ilikuwa Kijapani kibovu kilichotiwa Kiingereza kibovu. Kila mtu alikuwa na sufuria yake, na kila sufuria ilikuwa na harufu yake. Ya Mnepali ilikuwa ndogo, ya kuchemshia chai: maziwa mengi, majani, tangawizi na iliki. Harufu ile ilipotokea sisi tuliacha vitabu, maana ilikuwa harufu ya kwetu kabisa, wala hatukutazamia kuikuta mbali namna ile. Naye alitumiminia bila kuombwa.

Hata ilipokuja baridi, mwezi wa Desemba, tukaona ameacha kutia maziwa. Akawa achemsha maji na majani tu, chai ya rangi, akamimina kikombe kimoja, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Sisi tukacheka. Tukamwambia, "Sasa umekwisha kuwa Mjapani, maziwa yamekushinda!" Akatabasamu, akaenda zake. Mzaha huo tukaufanya Desemba, tukaufanya Januari, tukaufanya na Februari. Twauandika hapa kwa haya, maana tusipouandika habari hii haina mwanzo.

Bweni lilikuwa na mtunzaji wake, mama mtu mzima aliyepita miaka sabini, na wanafunzi wote humwita Mama wa bweni, ndiyo desturi ya kule. Mwanzo wa Machi alitukuta mlangoni tukivua viatu, akatuuliza, "Yule mwenzenu wa Nepali, anakula?" Tukamjibu kwamba hatujui. Akatutazama kitambo, kisha akasema, "Nanyi mnakaa nyumba moja." Hakuongeza neno la kutukemea. Alisema tu ya kwamba masomo yamekwisha, jua limeanza kupata nguvu, basi mtoeni nje atembee.

Yafaa mjue kwamba kwa Wajapani mwaka wa masomo hukoma mwezi wa Machi na mpya huanza Aprili. Mwaka wa hesabu za serikali nao huanza tarehe 1 Aprili, na watu wengi waajiriwao huanza kazi siku hiyohiyo. Tena katikati ya mwisho huo na mwanzo huo ndipo miti ya sakura itoapo maua. Kwa hiyo mtu wa kule akiyaona maua hayo hukumbuka waliomuaga na waliompokea, vyote pamoja. Sisi tulipata majuma matatu ya likizo, tukaazimu kila Jumapili kwenda mahali. Mnepali tulimgongea mlango watu watano kwa pamoja, naye hakuwa na namna ya kukataa.

Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 17 Machi, tukaenda Oura. Hapo, juu ya kilima kinachotazama bandari, lipo kanisa lililojengwa na mapadre wa Kifaransa na kuwekwa wakfu mwaka 1865, kwa ukumbusho wa Wakristo 26 waliosulibiwa katika mji huohuo mwaka 1597. Tarehe tuliichagua sisi wawili kusudi, na wenzetu, ambao si Wakristo isipokuwa Mkorea, walitufuata kwa hisani. Jambo lililotokea hapo tarehe 17 Machi 1865 baadhi yenu mwalijua, ila tutalieleza kwa kifupi, kwa kuwa linaingia katika habari yetu.

Mwaka 1614 mtawala wa Japani aliipiga marufuku dini ya Kikristo katika nchi yote. Mapadre wakafukuzwa au wakauawa, na watu wa Nagasaki wakaitwa kila mwaka kukanyaga picha ya Bwana Yesu au ya Mariamu iliyowekwa chini, ili ijulikane nani aliyekataa. Kwa muda wa miaka 250 hivi ilidhaniwa kwamba hakubaki Mkristo hata mmoja. Hata kanisa la Oura lilipofunguliwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya, siku hiyo ya Machi walikuja wanakijiji wachache kutoka Urakami, kitongoji cha bondeni, wakajifanya watazamaji. Padre Petitjean alikuwa akisali. Mwanamke mmoja akamkaribia akamwambia kwa sauti ndogo kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja, akauliza iko wapi sanamu ya Mariamu. Hao walikuwa wamebatizana wenyewe kwa wenyewe, baba na mwana, bila padre, bila kitabu kilichochapwa, vizazi saba au zaidi. Taabu yao haikuishia hapo, maana baada ya kujulikana zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa makwao kwa nguvu, na zaidi ya 600 walikufa huko walikopelekwa, mpaka mbao za makatazo zilipoondolewa mwaka 1873. Sanamu waliyoiuliza ingali mle kanisani, upande wa kuume. Ni ndogo kuliko tulivyofikiri.

Mkorea ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa maandiko ya Kijapani, akatufasiria yote kutoka katika kibao. Mnepali, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akauliza, "Miaka mia mbili na hamsini, na majirani hawakujua?" Mkorea akasema, "Labda walijua, wakanyamaza." Mnepali akasema, "Labda hawakuuliza."

Tuliposhuka tukakaa kwenye ngazi kando ya njia. Upepo wa bahari ulikuwa bado mkali. Pale palikuwa na moja ya yale makabati ya chuma yauzayo vinywaji, ambayo kule yako kila pembe ya mji. Mtu hutia sarafu, kopo huanguka chini, tena wakati wa baridi hutoka la moto. Mmoja wetu akanunua chai ya maziwa makopo sita, akamgawia kila mtu. Sisi tukafungua tukanywa. Mnepali alilishika lake kwa mikono miwili kama mtu aotaye moto, wala hakulifungua. Lilipopoa alilirudisha kwetu kwa adabu. Hapo Mwindonesia akauliza, pasipo mzaha safari hii, "Maziwa yamekufanyia nini?"

Akajibu, "Mama yangu amefariki."

Alifariki katikati ya Desemba, kwao Kathmandu. Katika ukoo wake, mtoto afiwaye na mama hanywi maziwa mwaka mzima, wala haendi kwenye ngoma na sherehe, tena huvaa nguo nyeupe. Yeye hakuweza kwenda katika maabara na nguo nyeupe tupu, ndipo alipokuwa akivaa fulana nyeupe ndani ya shati, kila siku, akiifua usiku. Nauli hakuwa nayo. Na hata kama angekuwa nayo, kwao maiti haingoji. Ndugu zake walimwambia asihangaike, hatawahi. Alikuwa kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye awashaye moto wa mama. Moto ule akauwasha kaka yake, naye akautazama katika simu, amekaa juu ya kitanda chake. Kule ilikuwa bado alasiri, kwetu usiku umeingia.

Tukamuuliza ilikuwa siku gani. Alipoitaja tukaikumbuka wote. Ndiyo siku tuliyokuwa tukijifunza nyimbo za Krismasi jikoni, tukipiga sufuria kwa vijiko, na ukuta wa jiko ndio ukuta wa chumba chake.

Neno la Kijapani la kumpa pole mfiwa hatukuwa tumefundishwa bado, na yale ya Kiingereza tuliyoyajua yalikuwa kama ya kusoma karatasini. Basi tukamwambia, "Pole, ndugu yetu," kwa Kiswahili. Akauliza maana yake. Tukajaribu kumweleza, tukashindwa, mmoja wetu akasema maana yake ni kwamba tumekuja tukae. Si tafsiri nzuri, lakini yeye aliridhika nayo.

Kwetu, kama mjuavyo, mfiwa halali peke yake. Watu huja na mikeka. Usiku ule, miezi mitatu nyuma ya wakati wake, tulitandika mablanketi katika sakafu ya jiko, tukaketi naye. Wenzetu wa Asia hawakuhitaji kuelezwa sana. Mvietnamu alisema kwao pia ni vivyo hivyo. Mnepali akatuonyesha picha za mama yake katika simu, nyingi sana, katika nyingine yuko shambani kwenye haradali na katika nyingine amekasirika kwa kupigwa picha. Karibu na saa sita Mama wa bweni akapanda, maana sheria ilikataza watu kukaa jikoni baada ya saa nne. Akasimama mlangoni. Tukamwambia lililotokea. Akashuka, nasi tukadhani amekwenda kuandika majina yetu, akarudi na bakuli la machungwa madogo, akavua viatu, akaketi pamoja nasi.

Yeye ndiye aliyetubadilishia safari ya pili. Tulikuwa tumekusudia kwenda bustani ya Tateyama, ambako mji wote hukusanyika chini ya sakura. Desturi hiyo ina furaha nyingi, nasi mwaka uliotangulia tuliiona: watu hutandika matandiko ya buluu chini ya miti, vijana wa ofisini hutumwa mapema kushika mahali, na mpaka jioni ni kula na kunywa na kuimba. Sakura yenyewe haina tunda la kula. Ua lake ni jeupe lenye wekundu kidogo sana, na mti huvaa maua matupu kabla ya majani, hata ukiutazama kwa mbali wadhani wingu limeshuka. Siku kumi hivi, na mvua ikinyesha ni chache zaidi, yote yamekwisha. Mengi ya miti ya namna ile ni vipandikizi vilivyotoka katika shina moja, hupandikizwa na watu, haioti kwa mbegu; ndiyo sababu yachanua kwa pamoja katika mji mzima kama kwa kupigiwa kengele. Lakini mtu aliye katika mwaka wa matanga angeketije pale? Mama wa bweni akasema, "Nendeni Shiroyama. Huko sakura zimepandwa na mama."

Tukaenda mwanzo wa Aprili. Shiroyama iko ng'ambo ya mto wa Urakami, bonde lilelile walikotoka wale wanakijiji wa Oura, na juu ya bonde hilo ndipo bomu la atomiki lilipopasuka tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili za asubuhi. Hesabu ya mji wenyewe yasema watu wapatao 74,000 walikufa mpaka mwisho wa mwaka ule. Kanisa kubwa la Urakami, ambalo watu waliorudi kutoka uhamishoni walilijenga tofali kwa tofali na kuliweka wakfu mwaka 1914, lilibomoka siku hiyo, likajengwa tena mwaka 1959. Tungeweza kuandika mengi ya mahali hapo, lakini wengine wameyaandika vizuri, nasi twaendelea na miti.

Shule ya msingi ya Shiroyama iko nusu kilomita tu kutoka mahali lilipopasuka bomu. Wakati wa vita sehemu ya jengo lake ilitumiwa kwa kazi za kiwanda cha silaha, na wasichana wa shule kubwa waliletwa humo kufanya kazi ya hesabu. Mmoja wao alikuwa Kayoko, binti wa miaka 15. Mama yake alimtafuta siku nyingi katika magofu, mwisho akampata amekufa. Mwaka 1949 alileta miche ya sakura akaipanda katika uwanja wa shule, kwa ajili ya binti yake na wale waliokufa pamoja naye. Miti hiyo huitwa sakura za Kayoko mpaka leo. Ile ya kwanza imebaki michache, imezeeka, mashina yameinama na kushikiliwa kwa magongo, lakini vipandikizi vyake vimepelekwa na kupandwa mahali pengi katika Japani. Kipande cha jengo la zamani kimeachwa kisimame, na watoto wasoma katika jengo jipya kando yake.

Hatukukuta watu wengi. Mzee mmoja alikuwa akifagia maua yaliyoanguka njiani. Mnepali alisimama chini ya mti mmoja mkongwe kwa muda mrefu, kisha akatuuliza, "Mche wa sakura hukaa miaka mingapi mpaka kutoa maua?" Hatukujua. Akaenda kumuuliza yule mzee, kwa Kijapani chake, na tukawaona wamezungumza, mzee akionyesha kwa mkono kimo hiki na kimo hiki. Halafu tukaona mzee anampa ufagio.

Alifagia njia ile kutoka langoni mpaka kwenye jengo. Alipofika mwisho, nyuma yake palikuwa peupe tena, akarudi akafagia mara ya pili. Sisi na yule mzee tukakaa ukutani tukamngoja. Mzee alituuliza tumetoka wapi, tukamwambia, akasema Afrika ni mbali, tukakubali. Ilipata saa nzima. Kisha Mnepali akarudisha ufagio kwa mikono miwili, akainama, nasi tukarudi kwa miguu kupita hekalu la Sanno, ambako mikafuri miwili mikubwa iliyounguzwa na bomu imechipua tena na kuwa na matawi mapana kama miembe ya uwanja wetu.

Safari ya tatu ilikuwa ya tiara. Wengine kwetu huiita kishada, nasi hatukujua kwamba Nagasaki ni mji wa tiara, wala wenzetu hawakujua. Watu wa kule huiita hata, maana yake bendera. Nyingi zina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na yasemwa kwamba zililetwa zamani na watu wa visiwa vya Indonesia waliofuatana na wafanyabiashara wa Kiholanzi, wakati Waholanzi waliporuhusiwa kukaa katika kisiwa kidogo cha Dejima mbele ya mji. Mwindonesia wetu aliposikia hayo alinyoosha mabega, na siku ile yote alisema kama mwenye mji.

Hapo kilimani Tohakkei, katika Aprili, wazee kwa watoto hurusha tiara na kupigana nazo. Sehemu ya uzi hupakwa wali uliopondwa pamoja na unga wa chupa, ukawa mkali kama wembe. Tiara mbili hukutanishwa hewani, nyuzi husuguana, mmoja hukatika, na tiara iliyoshindwa huondoka na upepo na watoto nyuma yake. Tulinunua moja. Mtu wa Muheza alijitapa, maana utotoni alizitengeneza kwa njiti za makuti na karatasi za sukari. Akajikata kidole kabla tiara haijapita kimo cha mtu. Mwindonesia akaishika, ikaenda juu, na mara ikakatwa na mtoto wa miaka kumi hivi, aliyetuinamia kwa heshima.

Tukanunua ya pili. Ndipo Mnepali, aliyekuwa amekaa majanini nyuma yetu, akasema, "Mnavuta. Msivute." Kwao Kathmandu, wakati wa sikukuu ya Dashain mvua zinapokwisha, mbingu hujaa tiara, na wazee husema hurushwa ili kumkumbusha mungu wa mvua kwamba sasa inatosha, nao pia hupaka uzi unga wa chupa. Tukampa uzi. Akakataa, akarudisha mikono nyuma. Alisema mwaka huu hashiki. Lakini akasimama nyuma ya Mwindonesia, karibu kabisa, akaanza kumwongoza: mwachie, mwachie, mwachie bado, usiogope, sasa vuta! Sauti yake ikazidi, mara Kijapani, mara Kiingereza, mwisho Kinepali kitupu, nasi sote tukawa tunapiga kelele kwa Kinepali tusichokijua. Tulikata tatu. Ya tatu ilikuwa ya mzee mwenye kofia ya majani aliyeonekana ni fundi, maana watu walikuwa wakimzunguka. Akaja mpaka tulipo, akamwinamia Mwindonesia. Mwindonesia akaonyesha nyuma yake kwa kidole. Mzee akamwinamia Mnepali, naye Mnepali, uso umemwiva, akainama zaidi.

Njiani alituuliza kama amekosa. Alisema, "Sikushika uzi, lakini nilifurahi." Sisi wawili tulitazamana. Hatukuwa na haki ya kumhukumia katika desturi ya kwao. Mkorea, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamwambia, "Mama yako angalikupiga kwa kufurahi?" Akafikiri, akasema, "Angalinipiga kwa kutokula." Basi jioni ile alikula sahani mbili.

Tulikwenda na mara ya nne, mwezi wa Mei, mlima wa Unzen, kutazama maua ya porini mekundu yafunikayo mabega ya mlima. Ni nchi ya moto wa chini ya ardhi, mvuke hutoka mawe kwa mawe na kunuka kiberiti, na kilele kimoja ni kipya kabisa, kilichosukumwa juu na mlipuko ulioanza mwaka 1990. Mwaka 1991 uliua watu 43. Hayo tuliyasoma katika kitabu, maana tulipofika ukungu ulifunika kila kitu, tukaona migongo ya wenzetu na mayai yaliyochemshwa kwa mvuke, tukala mayai, tukarudi kwa basi.

Baada ya hapo masomo yakatushika. Mkorea alimaliza mwezi wa Septemba akarudi kwao, na chumba chake akapewa kijana wa Kijapani wa mwaka wa kwanza, mwenye haya nyingi, aliyekuwa akila peke yake akisimama. Baridi ikaja tena. Chai ya rangi ikaendelea kuchemshwa, ila sasa ilinywewa jikoni.

Hata usiku mmoja wa Desemba, sisi wawili tuko vyumbani na vitabu vyetu, tukasikia harufu. Tangawizi na iliki, na maziwa. Tukatoka, na Mvietnamu akatoka, na Mwindonesia akatoka na blanketi lake. Mnepali alikuwa amesimama mbele ya jiko, amevaa shati la buluu. Mwaka wake ulikuwa umetimia siku ile kwa hesabu ya kalenda ya kwao. Mezani palikuwa na vikombe sita. Akamimina bila neno, cha sita akakipeleka mwenyewe mlangoni kwa yule Mjapani mgeni, akagonga, nasi tukasikia mtoto wa watu akishukuru mara nne kwa kitu asichokijua. Katika kwenda huko alisahau sufuria motoni, maziwa yakafurika, yakamwagika juu ya jiko mpaka sakafuni, na Mama wa bweni akaita kutoka chini kwamba anasikia harufu ya kuungua, na kwamba yeyote aliyefanya hivyo apanguse kabla ya kulala.